Bei ya Pezi Angani

Wambuti wa msitu wa Ituri, jirani zetu wa kaskazini, wana mishale ya sumu isiyo na unyoya hata mmoja. Mwindaji hupasua kidogo mkia wa mshale, akachomeka kipande cha jani gumu, basi. Jani hilo halina uzito wa kutajika, wala halisukumi mshale uende mbele. Ukiling'oa, mshale utatoka kwenye upinde kwa nguvu ileile, lakini baada ya hatua chache utaanza kuyumba, utakaa kimshazari, na utafika kwa mnyama umechoka, ubavu ukiwa umetangulia. Ukichomeka jani kubwa kupita kiasi, mshale utanyooka vizuri lakini hautafika mbali. Kati ya jani linalotosha na jani lililozidi ndipo lilipo swali la makala haya: pezi la chombo kinachoruka linagharimu nini, na nani analipa?

Ili kulijibu, tuanze na hewa yenyewe. Hewa ina uzito. Goma iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na siku yenye nyuzijoto 20 mita moja ya ujazo ya hewa ya hapa ina uzito wa karibu kilo moja kamili. Kule Mombasa, kwenye joto la pwani, mita hiyohiyo ina karibu kilo 1.17. Ukipanda Nyiragongo hadi kwenye ukingo wa kreta, mita 3,470, unabaki na kama kilo 0.8. Kwa hiyo chumba cha mita nne kwa nne, chenye dari la mita tatu, hapa mjini kimebeba karibu kilo 50 za hewa. Hatuzihisi kwa sababu zimetulia nasi tumetulia. Zikiguswa kwa kasi, zinajibu.

Sasa chukua ubao bapa wenye eneo la mita moja ya mraba, uusukume mbele ukiwa umeikabili hewa uso kwa uso. Ukienda mita 10 kwa sekunde, kila sekunde ubao unakutana na mita 10 za ujazo za hewa, yaani kilo 10 hapa Goma. Hewa hiyo ilikuwa imesimama. Wewe umeilazimisha iende. Ukiongeza mwendo hadi mita 20 kwa sekunde, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: unakutana na hewa maradufu kila sekunde, na kila kilo ya hewa hiyo unailazimisha iende mbio maradufu. Mbili mara mbili ni nne. Ndiyo maana ukinzani wa hewa haukui sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani unazidi mara nne. Mwendo ukizidi mara tatu, ukinzani mara tisa. Kanuni yote ni hiyo: nusu ya densiti ya hewa, mara kasi kwa kasi, mara eneo, mara namba moja inayobeba siri za umbo. Ubao bapa unaokabili upepo una namba ya umbo inayozidi 1 kidogo. Kitu chenye eneo lilelile la mbele, lakini kimeviringwa mbele na kuchongoka polepole kuelekea nyuma kama mwili wa samaki, kinaweza kushuka hadi chini ya 0.1. Hewa ni ileile, kasi ni ileile, na tofauti ni zaidi ya mara kumi.

Ukinzani huo unaingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni shinikizo: hewa inajisonga mbele ya kitu, na nyuma yake, kama umbo limekatika ghafla, hewa inashindwa kujifunga, inaacha mizunguko na shinikizo dogo linalokivuta kitu kirudi nyuma. Wa pili ni msuguano: tabaka jembamba la hewa linanata kwenye uso wa kitu na kuburutwa nacho. Umbo nene na butu hulipa zaidi kwenye mlango wa kwanza. Umbo jembamba na pana hulipa kwenye wa pili. Pezi ni kitu chembamba na kipana, kwa hiyo mtu angetegemea lilipe msuguano tu. Tutaona kwamba pezi lililokatwa bila uangalifu hulipa kwenye milango yote miwili.

Kwa nini basi tuliweke? Kila chombo kinachoruka kina vitovu viwili vya kujua. Kitovu cha uzito ni pale ambapo ukikifunga kamba kitalala sawa bila kuinama upande wowote, na chombo kikiwa hewani huzunguka kwenye kitovu hicho. Kitovu cha shinikizo ni pale ambapo misukumo yote ya hewa ya ubavuni, ukiijumlisha, huwa kama imekusanyika mahali pamoja. Kama kitovu cha shinikizo kiko nyuma ya kitovu cha uzito, chombo kikiyumba kidogo hewa inausukuma mkia na kuurudisha kwenye mstari. Kama kiko mbele, hewa hiyohiyo inakishika chombo puani na kukigeuza zaidi. Chupa tupu bila pezi iko karibu na hali hiyo ya pili. Pezi linawekwa mkiani kwa sababu ileile inayofanya mlango usukumwe upande wa kitasa na si upande wa bawaba: nguvu ndogo ikiwa mbali na mahali pa kuzungukia hufanya kazi kubwa.

Mkia unaweza kukinyoosha chombo kwa njia mbili, na wengi huzichanganya. Njia moja ni kuburuta. Tiara ya watoto ina mkia wa vitambaa, na vitambaa hivyo huivuta nyuma wakati wote, iyumbe isiyumbe. Njia ya pili ni ya pezi. Pezi jembamba likielekea sawasawa na upepo karibu halipo. Hewa inapita pande zote mbili na kulipisha msuguano mdogo tu. Lakini chombo kikiinama hata nyuzi tano, pezi linaukabili upepo kimshazari, hewa upande mmoja inakimbia zaidi kuliko upande wa pili, na nguvu ya ubavuni inazuka ghafla. Ni nguvu ileile inayoinua bawa la ndege, ila imelala upande. Basi mkia wa tiara hulipwa muda wote, na pezi hulipwa zaidi pale tu linapohitajika.

Tuweke namba, maana bila namba haya ni maneno matamu tu. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu, yenye kipenyo cha sentimita 9 na urefu wa sentimita 30. Wanafunzi wengi duniani huigeuza roketi: maji kidogo ndani, hewa ya pampu ya baiskeli, na msukumo wa maji yanayotoka mdomoni. Tuseme inafikia mita 30 kwa sekunde, jambo la kawaida. Kwa hewa ya Goma, nusu ya densiti mara kasi kwa kasi inatupa 450. Eneo la mbele la chupa ni karibu mita za mraba 0.0064. Ikiwa imevalishwa pua ya mviringo, namba yake ya umbo ni kama 0.4. Zidisha: ukinzani wa mwili wa chupa ni newton 1.15 hivi. Roketi nzima ikiisha maji ina uzito wa kama newton 1.5, kwa hiyo hewa peke yake inairudisha nyuma kwa nguvu inayokaribia uzito wake. Si jambo la kudharau.

Sasa iache chupa hiyo bila pezi, igeuke na kwenda ubavu. Ubavu wake una eneo la mita za mraba 0.027, zaidi ya mara nne ya eneo la pua, na umbo la mcheduara uliolala ni baya kwa hewa. Ukinzani unaruka hadi kati ya newton 8 na 10. Hiyo ndiyo gharama ya kukosa pezi, na hakuna pezi la busara lililowahi kugharimu hata robo yake. Anayesema kwamba ameondoa mapezi ili kupunguza ukinzani amehesabu pezi na kukisahau chombo.

Tulipachike basi. Mapezi matatu ya mraba, sentimita 10 kwa 10, yaliyokatwa kwenye plaiwudi ya milimita 4. Kila moja, chombo kikiinama nyuzi tano, linatoa karibu newton moja ya kusukuma mkia urudi. Likinyooka, uso wake wote wa pande mbili unalipa msuguano wa chini ya newton 0.06. Hiyo ni biashara nzuri: unalipa sehemu ndogo sana ya newton, unalindwa na newton nzima.

Ila nimeruka kitu, na ndicho kinachowakuta karibu wote wanaotengeneza kwa mara ya kwanza. Plaiwudi iliyokatwa kwa msumeno ina ukingo wa mbele ulio bapa, milimita 4 za ukuta unaokabili upepo. Milimita 4 zinaonekana si kitu. Zidisha kwa urefu wa sentimita 10, kisha kwa mapezi matatu: mita za mraba 0.0012. Umbo la ukuta mraba lina namba inayokaribia 1. Ukinzani wake ni newton 0.54. Kumbuka kwamba mwili mzima wa chupa ulilipa 1.15. Yaani kingo tatu nyembamba, ambazo jicho halizihesabu, zimeongeza karibu nusu ya ukinzani wa chupa yote!

Chukua msasa, uviringe ukingo wa mbele uwe nusu duara, kisha upunguze unene wa ukingo wa nyuma hadi ubaki kama wembe. Ukuta wa mbele ukiviringwa, hewa inauzunguka bila kujibandua na sehemu kubwa ya zile newton 0.54 inatoweka. Ukingo wa nyuma ukiwa mwembamba, kamkia kadogo ka hewa iliyovurugika kanafungwa, na kinachobaki ni msuguano. Mapezi yote matatu sasa yanagharimu kati ya newton 0.1 na 0.2. Kazi ya nusu saa na kipande cha msasa imeiondolea roketi zaidi ya robo ya ukinzani wake wote, kutoka karibu newton 1.8 hadi 1.3. Sijui mabadiliko mengine yoyote kwenye roketi ya chupa yanayolipa hivyo kwa bei hiyo.

Ukubwa wa pezi ndipo penye mabishano. Kanuni inayotumiwa na waundaji wa roketi ndogo ni kwamba kitovu cha shinikizo kiwe nyuma ya kitovu cha uzito kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili. Kwa chupa yetu, sentimita 9. Miaka ya 1960 mhandisi wa NASA, James Barrowman, aliandika hesabu rahisi za kukitafuta kitovu cha shinikizo kwa kalamu na karatasi, na programu nyingi za leo bado zinazitumia. Lakini mwanafunzi asiye na kompyuta anaweza kupima kwa uzi. Funga uzi kiunoni mwa roketi, usogeze mpaka roketi ilale sawa. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Bandika uzi pale kwa gundi ya karatasi usiteleze. Kisha, uwanjani, shika uzi wenye urefu wa mita mbili hivi na uizungushe roketi juu ya kichwa chako. Kama pua inatangulia na kubaki imetangulia, mapezi yanatosha. Kama inakwenda ubavu, au mkia unatangulia, hayatoshi, au pua ni nyepesi mno.

Hilo la pua nyepesi lina uzito kuliko linavyosikika. Mapezi yetu matatu ya plaiwudi yana gramu 70 hivi, na yote yako mkiani. Yanapokisogeza kitovu cha shinikizo nyuma, yanakiburuta na kitovu cha uzito vilevile. Mtu akiona roketi inayumba, anaongeza pezi, pezi linaongeza uzito wa mkia, roketi inaendelea kuyumba, anaongeza tena. Nimeona mapezi makubwa kama sahani kwa sababu hiyo. Dawa iko upande wa pili: tia udongo au changarawe nyeusi ya volkano, ambayo Goma haijawahi kukosa, ndani ya pua. Gramu 50 mbele zinakisogeza kitovu cha uzito mbele kiasi kwamba mapezi yanaweza kupungua badala ya kuongezeka. Au badili mali: plastiki ya dumu la mafuta ina unene wa milimita moja na ushee, ni nyepesi, na ukuta wake wa mbele ni chini ya nusu ya ule wa plaiwudi. Ubaya wake ni kwamba inapinda. Pezi linalopinda kwa kasi huanza kupepea kama bendera, na pezi linalopepea halielekezi mtu yeyote. Ni bora liwe dogo na gumu.

Pezi likizidi lina ubaya mwingine usioonekana kwenye hesabu ya newton. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo hutoka Ziwa Kivu kuja mjini. Roketi yenye mkia mkubwa huusikia upepo huo wa ubavuni haraka, mkia unasukumwa, na pua inageukia unakotoka upepo, yaani ziwani. Badala ya kupanda, inalala. Ukinzani wake kwa sekunde moja unaweza kuwa mdogo, lakini safari nzima imepotea.

Umbo la pezi likitazamwa kutoka pembeni lina maana, ingawa si kwa kiasi ambacho wachoraji wa vibonzo hudhani. Eneo likiwa lilelile, pezi refu na jembamba linalotoka mbali na mwili hutoa nguvu zaidi ya ubavuni kuliko pezi fupi lililojilaza, kwa sababu linafika kwenye hewa safi, nje ya lile tabaka linaloburutwa na mwili, na kwa sababu hewa ina nafasi ndogo ya kukimbilia upande wa pili kupitia nchani. Hewa inayokimbia nchani huacha kizingia nyuma yake, na kizingia hicho hulipwa kama ukinzani. Ncha zilizopunguzwa kwa mviringo hukipunguza. Mapezi yaliyolazwa nyuma kama ya ndege za vita yanapendeza, lakini kwa mita 30 kwa sekunde faida yake kubwa ni kukisogeza kitovu cha shinikizo nyuma kidogo. Matatu yanatosha, la nne huongeza msuguano na kiungio kimoja zaidi pale pezi linapokutana na mwili, na kila kiungio ni kona ambamo mikondo miwili ya hewa hugombana. Ijaze kona hiyo kwa gundi iliyolainishwa kwa kidole. Na yapachike yanyooke: pezi lililopinda nyuzi mbili hufanya kazi wakati wote, roketi inazunguka kama pia, na nguvu za kuizungusha zinatoka kwenye kimo ambacho ungekipata.

Kabla ya kupanda kwenye vyombo vikubwa, kuna kasoro moja ambayo hakuna umbo linaloiponya. Nguvu ya pezi inakwenda na kasi kwa kasi. Kasi ikiwa sifuri, nguvu ni sifuri. Mwanzoni kabisa mwa safari, pale roketi inapoanza kunyanyuka, pezi limelala usingizi. Ndiyo sababu roketi ndogo hutolewa kwenye fito ya kuiongoza mpaka ipate kasi. Roketi za Scout, zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, zilitatua hilo kwa njia nyingine: mapezi manne madogo chini, ncha zake zikiweza kugeuzwa, pamoja na vibao vinavyostahimili moto vilivyowekwa ndani ya mkondo wa moshi wa injini. Wakati hewa bado haisaidii, vibao hivyo vilisaidia. Ilikuwa Scout iliyopeleka angani setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Nchi yetu imeona pia jaribio la kuyaacha mapezi kabisa. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi tatu kutoka Shaba, jina la wakati huo la Katanga, juu ya bonde la mto Luvua. Zilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja, hazikuwa na mapezi. Zilielekezwa kwa kupunguza msukumo wa injini ya upande mmoja na kuuacha wa upande mwingine. Ukinzani wa pezi ukawa sifuri. Roketi mbili za kwanza zilipanda. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu akiwa anatazama, ilipoteza mwelekeo na kuanguka. Kukosa mapezi si kosa, na roketi kubwa za leo nyingi hazina. Lakini asiye na pezi amekabidhi kila kitu kwa vali na umeme, na kitu kimoja kikikwama hakuna kinachonyoosha pua.

Miongo mitatu baadaye, Menkao, nje ya Kinshasa, mhandisi Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake za Troposphere. Kwa maelezo ya timu yake, Troposphere IV ya mwaka 2008 ilifika kilomita 15 na kupita kasi ya sauti zaidi ya mara mbili. Huko sheria inabadilika. Chombo kinachokwenda mbio kuliko sauti hakiipi hewa taarifa; hewa haina muda wa kupisha, inarundikana kuwa ukuta wa shinikizo. Ukingo wa mviringo, tuliousifu muda mfupi uliopita, unausukuma ukuta huo mbele yake na kulipa sana. Kule pezi linatakiwa liwe jembamba mno na lenye makali. Mwanafunzi anayeiga pezi la kombora kwenye chupa ya maji anaiga jibu la swali jingine.

Na droni? Tarehe 3 Desemba 2013, kutoka uwanja wa ndege wa Goma, Umoja wa Mataifa ulirusha kwa mara ya kwanza droni zake za uchunguzi zisizo na silaha, aina ya Falco kutoka Italia. Mei 2014 mojawapo iliona mashua ikizama Ziwa Kivu, na watu zaidi ya kumi wakaokolewa. Falco ina mbawa za zaidi ya mita saba, propela yake iko nyuma ikisukuma, na mkia umebebwa na miti miwili inayopita pande zote mbili za propela. Sababu ni kamera: pua lazima iwe wazi. Bei yake ni miti miwili badala ya mwili mmoja, na viungio zaidi, yaani kona zaidi za kugombanisha hewa.

Kwenye roketi ya sekunde chache, newton moja ni kimo. Kwenye droni ya saa kumi, newton moja ni mafuta. Ikienda mita 40 kwa sekunde kwa saa kumi imesafiri kilomita 1,440. Newton moja ya ukinzani kwa umbali huo inakula nishati ya joule milioni 1.44, na kwa injini na propela zinazofikisha hewani sehemu moja ya tano ya nishati ya petroli, hiyo ni kama robo lita. Newton kumi zisizo na kazi ni zaidi ya lita mbili za petroli, zilizobebwa angani kwa gharama badala ya kubeba kifaa. Kwa hiyo mbunifu wa droni husugua pezi lake kwa wivu zaidi kuliko mrusha roketi.

Wengine hupunguza ukinzani kwa kuongeza pezi. Antonov An-26, ambazo Goma imezizoea miaka mingi, zina mapezi mawili chini ya mkia, pande mbili za mlango wa mizigo. Tumbo la nyuma limekatwa kwenda juu ili mlango ufunguke, na hewa ikipita hapo huvurugika. Mapezi yale huituliza na wakati huohuo husaidia kuunyoosha mkia. Yanalipa msuguano wake na kuokoa zaidi ya huo.

Hewa yetu nyepesi ina neno lake katika haya yote. Kwa kasi ileile, chombo hapa Goma kinapata ukinzani pungufu kwa karibu asilimia 14 kuliko Mombasa, kwa hiyo roketi ya chupa itapanda juu zaidi kidogo. Lakini mbawa na mapezi navyo vinapungukiwa nguvu kwa asilimia hiyohiyo. Ndege inayotaka kuondoka ikiwa na nguvu zilezile mbawani na mkiani inabidi ikimbie ardhini kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 8, na kula njia ndefu zaidi. Lava ya Januari 2002 ilipofunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, Goma haikupoteza mita za lami tu. Ilipoteza mita ambazo hewa yake ilikuwa tayari inazidai.

Nyie mtakaotaka kujaribu: mjini kwetu kitu kinachoruka bila maelezo huleta hofu, na hofu hiyo ina haki yake. Anzeni na uzi, haumtishi mtu. Mkifika kwenye kurusha, iwe mchana, kwenye kiwanja cha shule, mwalimu akiwepo, mkuu wa mtaa na majirani wakiwa wameambiwa, na iwe mbali na kambi yoyote na uwanja wa ndege. Na kama mna kipande kimoja tu cha msasa, anzeni na ukingo wa mbele wa pezi: uviringeni, msiuchonge.